Upepo Umeingilia Wapi?

Katika gereji nyingi za Malindi, pedali ya breki ikianza kubonyea tiba ni moja: kutoa upepo. Mmoja anakaa kwenye usukani akipampu, mwenzake amelala kando ya gurudumu na spana, nipeli inafunguliwa, mapovu yanatoka, pedali inakuwa ngumu, mwenye gari analipa anaondoka. Wiki chache baadaye amerudi na lalamiko lile lile, anapewa tiba ile ile. Hapo ndipo mimi humwomba fundi aweke spana chini kwanza. Mfumo wa breki umefungwa pande zote. Upepo ukiingia tena baada ya kutolewa, basi una mlango, na anayeutoa kabla ya kuutafuta mlango huo anafuta ushahidi.

Mafuta ya breki hayabanwi yakapungua. Ukikanyaga pedali, masta silinda inayasukuma kwenye paipu, na msukumo uo huo unafika kwenye kalipa za mbele na silinda ndogo za nyuma. Hewa hubanwa. Povu likikaa njiani, nguvu za mguu zinaishia kulifinya povu, na gurudumu linapata masalio.

Lakini si kila pedali laini ina upepo, na pesa nyingi hupotea hapa. Washa injini gari likiwa limesimama, mguu ukiwa umekanyaga pedali. Pedali ikishuka kidogo injini inapowaka, hiyo ni busta inafanya kazi yake, usiijali. Sasa kanyaga kwa nguvu ya kawaida, tuliza mguu, usikilize. Ikidunda chini ya unyayo na kupanda kila unapopampu, shuku upepo. Ikizama polepole mguu ukiwa umetulia, mafuta yanatoroka: ama yanavuja nje na kiwango kwenye chupa kinapungua, ama raba za ndani ya masta zimechoka na mafuta yanarudi nyuma humo humo, kiwango kikiwa vile vile na hakuna tone chini ya gari. Na ikienda mbali mara ya kwanza, kisha mara ya pili ikawa juu na ngumu kama kawaida, tazama magurudumu kabla ya kufungua nipeli yoyote: brekishuu zimelika na kukaa mbali na dramu, au beringi ya gurudumu imelegea na inazirudisha nyuma brekipedi. Gari la namna hii hata ulitoe upepo mchana kutwa litabaki vile vile. Linataka kurekebishwa nafasi ya brekishuu, kazi ya bisibisi na subira, au kushughulikiwa beringi.

Jambo la pili la kuuliza ni wakati. Wataalamu wengi huanza na joto: mafuta ya zamani yamenyonya unyevu, yanachemka, mvuke unafanya kazi ya upepo. Ni kweli, na viwango vinaonyesha tofauti. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikifikisha maji asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230, kisha 155. Lakini nani anachemsha breki kati ya Ngomeni na Mambrui? Pwani yetu hii ni tambarare. Mafuta yenye maji huku yanakaa kimya miaka, yakila chuma kutoka ndani, mpaka siku mwenye gari anapokwenda harusini Wundanyi, na huko kwenye kona za mteremko ndipo pedali inapogusa sakafu. Kwa hiyo ikiwa inabonyea asubuhi gari likiwa baridi, joto halihusiki. Tafuta kutu na raba.

Na kutu hapa haitafutwi mbali. Kuanzia Gongoni hadi Marereni ni mashamba ya chumvi, barabara inapitiwa na malori ya chumvi, na kusi ikivuma rasharasha za bahari zinafika mpaka uani. Anayeona majukwaa ya chuma ya San Marco, yaliyosimama baharini mbele ya Ngomeni tangu miaka ya 1960, hahitaji kuhubiriwa chumvi inafanya nini kwa chuma. Paipu za breki za magari mengi ni za chuma, na huoza kwanza pasipoonekana: chini ya vibanio vinavyozishikilia kwenye bodi, kwa sababu hapo mchanga wenye chumvi hukwama ukabaki na unyevu. Fungua kibanio, usipapase tu juu juu.

Mlango unaowasumbua zaidi mafundi, hata hivyo, ni ule usiovuja. Ndani ya silinda ya gurudumu la nyuma kuna vikombe vya raba. Ukikanyaga, msukumo unaubandika mdomo wa kikombe kwenye ukuta, hakitoki kitu. Ukiachia, mdomo unalegea, na kama ukuta una vishimo vya kutu hewa kidogo inafyonzwa ndani. Tairi ni kavu, chupa imejaa, na upepo unaingia kila siku. Ushahidi uko chini ya kifuniko cha raba cha kuzuia vumbi: kifunue kwa kidole. Pakiwa na umajimaji au matope meusi, silinda hiyo imekwisha, na usikubali kubadilishiwa raba peke yake juu ya ukuta wenye vishimo. Badilisha silinda zote mbili za nyuma.

Ukikosa hapo, tenga mfumo vipande vipande. Kuna koleo maalumu za kubania hosi, zenye midomo ya mviringo. Plaizi ya kawaida itakata nyuzi za ndani na kukuongezea ugonjwa. Bana hosi moja, kanyaga. Achia, bana nyingine. Pedali ikiwa ngumu ghafla, tatizo liko upande wa pili wa hosi uliyoibana, au ni hosi yenyewe, kwa maana ya zamani huvimba ikikanyagwa. Ukibana zote na bado inabonyea, ziba matundu ya masta kwa vizibo. Ikibonyea hata hapo, ni masta.

Mitego miwili ya kufungia kazi. Kalipa za mbele zikifungwa kulia badala ya kushoto, nipeli inakaa chini, na upepo hautoki kamwe kwa sababu umejikusanya juu. Na kwenye Hilux nyingi za zamani kuna vali ya mzigo karibu na ekseli ya nyuma, mara nyingi ina nipeli yake ambayo hakuna anayeikumbuka.

Nina neno kali kuhusu kupampu mpaka sakafuni. Kwa miaka, raba za masta zimesugua sehemu ile ile ya silinda. Mbele yake pana kutu. Fundi akiikandamiza pedali hadi mwisho, raba zinapita juu ya kutu hiyo na kuchanika. Ndiyo maana gari lililokwenda kutolewa upepo hurudi na ugonjwa ambao halikuwa nao. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho.

Nunua mafuta ya kopo lililofungwa, si yaliyobaki kwenye chupa ya rafu, maana yanaanza kunyonya unyevu yakifunguliwa tu, na pwani unyevu hauna likizo. Yabadilishe yote kila baada ya miaka 2. Mtu akiwahi kutia oili ya injini au ya usukani, utaitambua kwa raba ya kifuniko cha chupa: imevimba na haikai tena mahali pake. Hapo hakuna cha kusafisha. Raba zote za mfumo, pamoja na hosi, zinabadilishwa.

Ukimaliza, weka alama ya kalamu kwenye chupa pale mafuta yalipofika, na uiangalie kila asubuhi kwa wiki moja kabla ya kupakia abiria.