Hatua za Kudhibiti Janga na Mahudhurio ya Wagonjwa wa Njia ya Hewa: Mafunzo kwa Same na Milima ya Upare

Katika miezi ya mwanzo ya janga la UVIKO-19, nchi nyingi zilishuhudia jambo lisilotarajiwa. Ugonjwa mpya wa mapafu ulikuwa ukienea, ilhali wagonjwa wa kikohozi, pumu na nimonia waliofika hospitali kwa sababu nyingine walipungua. Baadhi ya wataalamu waliona hiyo ni faida ya barakoa na kunawa mikono. Wengine walihofia kwamba wagonjwa wamebaki majumbani. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli, na kutozitenganisha sababu hizo kunaweza kugharimu maisha. Makala haya yanaeleza namna ya kuzitenganisha, hasa katika mazingira ya Wilaya ya Same na vijiji vya Milima ya Upare.

Hatua zilizochukuliwa nchini

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, mkoani Arusha. Siku iliyofuata serikali ilitangaza kufungwa kwa shule, na vyuo vikafuata. Mikusanyiko ilizuiwa, ndoo za maji tiririka na sabuni zikawekwa kwenye milango ya maduka, masoko na ofisi, na wananchi wakahimizwa kuvaa barakoa. Tofauti na majirani kadhaa, Tanzania haikuwafungia watu ndani. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni 2020, na shule nyingine tarehe 29 Juni. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021.

Kwa hiyo, mwananchi wa Same hakuzuiwa kisheria kwenda hospitali. Kama alibaki nyumbani, sababu zilikuwa nyingine: hofu, nauli, imani kwamba tiba ya nyumbani inatosha, au kutokuugua kabisa.

Sababu mbili za mahudhurio kupungua

Sababu ya kwanza ni kupungua kwa maambukizi yenyewe. Virusi vya mafua husafiri kwa matone, kwa hewa na kwa mikono. Shule zikifungwa, watoto, ambao ndio wasambazaji wakubwa wa virusi hivyo, hawabadilishani tena maambukizi darasani na kuyapeleka kwa bibi na babu nyumbani. Afrika Kusini, iliyoanza kuwafungia watu ndani tarehe 27 Machi 2020, haikupata msimu wake wa kawaida wa mafua makali mwaka huo. Aina moja ya virusi vya mafua, iitwayo B/Yamagata, haijathibitishwa kusambaa popote duniani tangu Machi 2020.

Sababu ya pili ni wagonjwa kutofika. Katika zahanati za vijijini kaskazini mwa KwaZulu-Natal, nchini humo humo Afrika Kusini, mahudhurio ya watoto yalishuka kwa karibu nusu mara tu katazo lilipoanza, kisha yakaanza kurejea. Mahudhurio ya watu wanaotumia dawa za VVU hayakuporomoka. Ugonjwa hauwezi kupungua kwa watoto kwa nusu ndani ya siku chache. Uamuzi wa mzazi unaweza.

Mazingira ya Same

Wilaya ya Same ina sura mbili. Tambarare, kuanzia Hedaru na Makanya hadi Ndungu na Kihurio, ni kavu na yenye joto. Vumbi la barabara, la mashamba ya mkonge na la machimbo ya jasi huko Makanya huwasumbua wenye vifua vyepesi. Milimani, kuanzia Suji na Chome chini ya kilele cha Shengena hadi Mamba na Vunta, baridi huwa kali kati ya Juni na Agosti. Katika miezi hiyo familia hukaa karibu na meko ya kuni, na moshi huo huwasha njia za hewa za mtoto na za mama anayepika.

Mgonjwa wa milimani akihitaji huduma kubwa hushuka kwa miguu, kwa bodaboda au kwa gari lisilopita kila saa, hadi hospitali ya Same au ile ya Gonja. Akihitaji rufaa ya juu zaidi, Moshi iko umbali wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Same mjini, ambako kuna Mawenzi na KCMC. Kwa mtu mwenye safari ya namna hiyo, hofu ndogo tu inatosha kuahirisha. Je, nikikohoa nitatengwa? Je, nitaambukizwa kwenye foleni? Wiki ikipita, kikohozi kikizidi, safari huwa ngumu maradufu.

Tiba za nyumbani nazo zilishika nafasi. Kujifukiza kulienea nchi nzima, na tangawizi, zao linalostawi Mamba Miamba, ilitumika sana. Kinywaji cha moto hutuliza koo, wala hakuna ubaya kukitumia. Hata hivyo, mvuke hauui virusi ndani ya mapafu, unaweza kumwunguza mtoto, na madhara yake makubwa zaidi ni kumchelewesha mwenye nimonia.

Magonjwa hayapungui kwa namna moja

Mafua ya virusi na mkamba wa watoto hupungua haraka hatua zinapoanza, na hurudi kwa nguvu zinapolegezwa. Nchini New Zealand, virusi vya RSV vinavyoshambulia vifua vya watoto wachanga vilitoweka katika majira ya baridi ya 2020, kisha vikalipuka mwaka 2021 kwa sababu watoto wengi hawakuwa wamekutana navyo. Shule zikifunguliwa wakati wa baridi ya milimani, vituo vijiandae kupokea watoto wengi zaidi.

Pumu inaweza kupungua kwa sababu virusi vinavyoichochea vimepungua. Lakini mgonjwa asiyefika kliniki huishiwa dawa ya kuvuta, na anayeshinda nyumbani kwenye moshi wa kuni hupata kichochezi kingine.

Kifua kikuu ni tofauti kabisa. Mtu anayeugua leo huenda aliambukizwa miezi au miaka iliyopita. Kufunga shule kwa miezi mitatu hakumponyi. Duniani kote, wagonjwa wapya wa kifua kikuu waliogunduliwa na kuandikishwa walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Kama ugonjwa ndio uliopungua, vifo vingepungua pia. Badala yake, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba vifo viliongezeka, kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Na mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu kati ya 5 na 15 kwa mwaka.

Namna ya kusoma vitabu vya MTUHA

Mtumishi wa zahanati hahitaji kompyuta kubwa kutambua ni sababu ipi inayotawala. Vitabu vya MTUHA vinatosha, akijiuliza maswali manne.

Kwanza, je, wagonjwa wa mifupa, shinikizo la damu na chanjo nao wamepungua? Barakoa haizuii mtu kuvunjika mguu. Wakipungua wote pamoja, tatizo ni watu kutofika.

Pili, je, wanaofika wana hali gani? Tuchukue mfano wa kufikirika. Zahanati iliyopokea watoto 40 wenye kikohozi kwa mwezi, wawili kati yao wakiwa mahututi, sasa inapokea 20, wanne wakiwa mahututi. Mahudhurio yamepungua kwa nusu, lakini hali mbaya imepanda kutoka asilimia 5 hadi asilimia 20. Kama ugonjwa ungekuwa umepungua, mahututi angetarajiwa mmoja tu.

Tatu, je, makohozi yanayopimwa yamepungua huku sehemu ya yanayokutwa na vimelea vya kifua kikuu ikiongezeka? Hiyo ni dalili kwamba wagonjwa wengine wamebaki vijijini.

Nne, je, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wenyeviti wa vitongoji wanasikia vifo vya majumbani vilivyotanguliwa na kukohoa au kubanwa pumzi?

Majibu yakionyesha kwamba watu hawafiki, kituo kitenge sehemu ya wanaokohoa yenye hewa ya kutosha, kitoe dawa za pumu na za kifua kikuu za muda mrefu zaidi kwa kadiri mwongozo unavyoruhusu, na kitume ujumbe milimani kupitia wahudumu wa jamii, misikiti na makanisa kwamba huduma zinaendelea.

Wakati wa kutosubiri

Kwa mgonjwa na familia, kanuni ni chache. Mtoto apelekwe kituoni siku hiyo hiyo iwapo kifua kinabonyea anapovuta pumzi, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea. Apelekwe pia iwapo anapumua haraka: mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, mara 50 kuanzia miezi 2 hadi 11, na mara 40 kuanzia mwaka 1 hadi 5. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda vinahitaji kipimo cha makohozi. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Mwenye VVU asisubiri wiki mbili. Mwenye pumu asikae bila dawa ya kuvuta hata kama hajabanwa kwa muda mrefu.

Milipuko haijaisha. Marburg ilithibitishwa mkoani Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025, na hofu ya hospitali huja pamoja na kila mlipuko. Mwananchi aendelee kunawa mikono, na aliyeagizwa kuvaa barakoa aivae. Lakini anayebanwa pumzi aivae akiwa njiani kuelekea kituo cha afya.