Jambia la Pembe: Pembe Gani?

Jambia (wingi: majambia) ni kisu kipana chenye makali pande mbili na ncha iliyopinda, kinachovaliwa kiunoni ndani ya ala. Neno limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya ubavu. Nchini Omani silaha hiyo huitwa khanjar, na mchoro wake umo katika bendera ya taifa. Kiswahili kina pia neno hanjari.

Si kila kisu cha kiunoni ni jambia. Sime anayoivaa mlinzi wa Kimasai katika mitaa ya Kariakoo imenyooka na hupanuka kuelekea nchani. Kerisi ya Indonesia, ambayo bapa lake mara nyingi lina mawimbi, nayo ibaki na jina lake. Mfasiri akiiita jambia huwa ameihamishia Arabuni.

Ugumu mkubwa umo katika neno pembe. Kwa Kiswahili, pembe ya ndovu ni pembe, ya kifaru ni pembe, na ya ng'ombe ni pembe vilevile. Kwa asili, vitu hivyo ni tofauti. Ya ndovu ni jino: mpini uliokatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Ya kifaru haina mfupa ndani. Imejengwa kwa nyuzi zilizoshikamana, za asili moja na kucha na nywele. Ya ng'ombe ina uwazi ndani. Mfupa huwa na vitundu vidogo, nayo plastiki mara nyingi huacha alama ya kalibu.

Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria. Nchini Tanzania, pembe za ndovu na za kifaru ni nyara za Serikali, na kuwa nazo bila kibali ni kosa. Hivyo, anayeandika "jambia lenye mpini wa pembe" katika hati ya mauzo, ya forodha au ya mirathi anaweza kumtia mwenye mali mashakani, au kuificha nyara.

Kwa hiyo, mnyama atajwe: mpini wa pembe ya ng'ombe, mpini wa pembe ya ndovu. Ikiwa mali ghafi haijathibitishwa, kielezwe kinachoonekana tu: mpini mgumu, laini, wa rangi ya maziwa. Vivyo hivyo kwa ala: "ya rangi ya fedha" si sawa na "ya fedha".