Magazeti ya Visiwani na Wenyewe

Yamtosha mtu kutazama majina ya wahariri wa Unguja kabla ya mwaka 1964 ili awajue waliokuwa wakishindania kuiongoza nchi ile. Sheikh Ali Muhsin Barwani, kiongozi wa Hizbu aliyekuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1963, alijulikana kwanza kwa kalamu yake katika Mwongozi. Mtoro Rehani aliihariri Afrika Kwetu, iliyokuwa ikiwasemea Waafrika wa visiwa. Abdulrahman Babu naye alikuwa na Zanews, na mwaka 1962 Waingereza walimfunga kwa kosa la uchochezi. Kila chama kilikuwa na gazeti lake, na aliyeshika kalamu ndiye aliyeshika chama.

Bara nako mambo hayo yalikuwapo. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikuwa mhariri wa Sauti ya TANU, na mwaka 1958 alitozwa faini ya shilingi 3,000 kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya. Lakini Bara ni pana. Mkulima wa Busawe, huku kwetu Mara, akisoma habari mbaya ya mkubwa wa Dar es Salaam, huisoma kama habari ya serikali tu. Hamjui mtu huyo wala ukoo wake. Unguja sivyo. Mhariri na waziri husali safu moja, hununua samaki Darajani, na pengine wameoleana. Neno lililoandikwa juu ya wizara husomwa kana kwamba limeandikwa juu ya nyumba ya mtu, na jibu lake huja kwa ghadhabu ya kinyumbani.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, nao haukuondoka na wakoloni. Baada ya Mapinduzi magazeti ya vyama yalitoweka, likabaki la serikali, Kweupe. Kwa vyombo vyenyewe Zanzibar haikuwa nyuma hata kidogo: mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na televisheni ya rangi, wakati Bara ilingoja hadi miaka ya 1990 kupata televisheni ya aina yoyote. (Sisi tulikuwa tukisimuliwa habari hizo kama hekaya.) Upungufu ulikuwa katika nafasi ya kumwuliza mkubwa swali likachapishwa.

Sheria Namba 5 ya mwaka 1988 iliweka masharti ya kuandikisha magazeti, na ikampa Waziri uwezo wa kulizuia gazeti kwa kutaja maslahi ya umma. Katika nchi kubwa uwezo wa namna hiyo ni hatari. Katika nchi ndogo hatari yake ni maradufu, kwa kuwa anayeamua ni jirani wa anayeshitakiwa. Gazeti la Dira, lililohaririwa na marehemu Ali Nabwa, lilipata wasomaji wengi kwa muda mfupi, likapigwa marufuku Novemba 2003. Mwaka huohuo uraia wa mhariri mwenyewe ulikuwa umetiliwa shaka. Wananchi waliozoea kulisoma wakarudi kwenye habari za barazani, ambazo hazina mhariri wala mahali pa kupeleka masahihisho.

Ndugu zetu maofisa husema kwamba magazeti ya kale yaliwagawa watu kwa kabila na kwa chama. Kweli yaliwagawa, na hakuna aliyesoma kurasa za miaka ya 1957 hadi 1963 atakayebisha. Lakini magazeti yale yalikuwa mali ya wagombea. Dawa yake ni gazeti lisilo la mgombea, na chombo kisicho cha Waziri cha kusikiliza malalamiko ya aliyekashifiwa, kabla hajafika mahakamani. Waandishi wa Zanzibar wamedai sheria ya namna hiyo kwa miaka mingi, kwa adabu na kwa barua. Kufuta uwezo wa mtu mmoja kulifunga gazeti ni kazi ya Baraza la Wawakilishi, na wajumbe wake, wa chama chochote, ni miongoni mwa wale wale ambao kesho wataandikwa.