Uwezekano: Je, Mkeka Unalipa?

Mtahiniwa, mada ya uwezekano haiishii kwenye sarafu na dadu. Ukipita karibu na stendi ya Babati jioni, utawasikia vijana wakibishana kuhusu mikeka ya mpira. Hebu tuupime mkeka mmoja kwa hesabu ya kidato cha nne.

Kanuni
Linganisha uwezekano wako wa kushinda na uwezekano unaohitajika ili fedha yako irudi. Huo wa pili hupatikana kwa kugawanya 1 kwa odi. Ukiwa na uwezekano mdogo kuliko unaohitajika, mchezo unakula fedha yako.

Mfano
Mchezaji ameweka sh 1,000 kwenye mechi 4 tofauti. Kila mechi ina odi 1.80. Chukulia kwamba uwezekano wa kupatia kila mechi ni ½. Je, mkeka unalipa?

*Hatua ya 1:* Mechi hazitegemeani, hivyo tunazidisha: ½ × ½ × ½ × ½ = 1/16 = 0.0625.

*Hatua ya 2:* Odi ya mkeka ni 1.8 × 1.8 × 1.8 × 1.8 = 10.4976. Uwezekano unaohitajika ni 1 ÷ 10.4976 = 0.0953.

*Hatua ya 3:* 0.0625 ni ndogo kuliko 0.0953. Mkeka haulipi.

Malipo ya wastani ni 1/16 × sh 10,497.60 = sh 656.10. Yaani katika kila sh 1,000, kwa wastani sh 343.90 hairudi.

Zingatia
Mechi moja pekee ingerudisha wastani wa ½ × sh 1,800 = sh 900. Kila mechi unayoongeza inazidisha wastani huo kwa 0.9. Ndiyo maana mkeka mrefu, wenye zawadi ya kuvutia, ndio unaokula zaidi.

Makosa ya kawaida
1. Kujumlisha badala ya kuzidisha. Ukipata uwezekano unaozidi 1, rudia kazi yako.
2. Kusema, "Nimekosa mara 15, wa 16 ni wangu." Mkeka wa 16 nao una uwezekano wa 1/16 tu. Anayesubiri zamu yake hivyo anaweza kumaliza nauli ya shule. Kumbuka pia kwamba sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kubeti.

Jaribu
Rudia mfano huu kwa mechi 6. Tafuta malipo ya wastani.
*Jibu:* sh 531.44.