Kisu cha Mfukoni: Gumba Lako au Springi?

Wana wa Chikongola hapa Mtwara, kisu cha kukunja kitaani ni cha mishe: kumenya embe, kukata kamba, kufungua kiroba. Siku hizi masela wanadata na kile kinachochomoka chwaa! Kabla hujamwaga mtonyo, kijue kwanza.

Cha kawaida, nguvu yote yako. Unaingiza ukucha wa gumba kwenye kale kamfereji ka bapa, unalivuta bapa mpaka mwisho. Cheki Opinel ya Ufaransa, ipo tangu 1890 na haina springi hata moja. Ni bapa, mpini wa mti na pini, halafu 1955 ikaongezwa pete ya kuzungusha, bapa lisikukunjikie vidoleni.

Cha springi kinakupiga tafu. Kikiwa kimekunjwa, springi inalibana bapa libaki ndani. Ukilisukuma kidogo kwa gumba, ile nguvu inageuka na kulirusha nje. Sio kama cha kitufe, ambacho unabonyeza kitufe cha kwenye mpini tu na bapa linaruka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ken Onion, fundi wa Marekani, ndiye aliyevipaisha hivi kupitia visu vya Kershaw.

Mkono mmoja ukiwa umeshika kamba ya boti, springi ni noma, sibishi. Ila sisi tupo Mtwara, mwanangu! Ukienda Msangamkuu maji ya chumvi yanakurukia. Msimu wa korosho unakata mabibo, na ile juisi inaganda kwenye kiungo. Cha kawaida kikikaza unakivuta kwa nguvu, unakisuuza maji baridi, unakikausha, tone la mafuta ya cherehani, freshi. (Mpini wa mti ukilowa unavimba na bapa linagoma, kwa hiyo kausha kweli, na chagua bapa lisiloshika kutu.) Cha springi kikiganda kinazingua kote kote: hakirushi, wala hakibani. Na springi ikikatika, fundi wa mtaani akutolee wapi nyingine?

Mwenye safari naye ajue. Marekani sheria ya 1958 dhidi ya vya kitufe ilirekebishwa 2009, ikaviacha hivi vya springi. Uingereza, sheria ya 2019 ilivitia kapu moja na vya kitufe: hata kukiweka gheto ni msala.

Mimi nasimama na cha gumba. Ukikomaa na springi, dukani kishike kikiwa kimekunjwa, mdomo wa mpini uangalie chini, kitikise. Bapa likichungulia, kirudishe mezani.