Faili Zikifutika, Usikimbilie Kulia

Mwezi huu tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wanatuuliza darasani: kompyuta ikifutwa, vitu vilivyokuwa ndani vinaenda wapi? Na je, vinaweza kurudi?

Zamani mtu akikimbia vita alibeba karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki: cheti cha ubatizo, ripoti ya shule, picha ya harusi. Siku hizi wengi wetu tumezipiga picha karatasi hizo, tukaziweka kwenye simu au laptopu. Karatasi yenyewe ilibaki Kongo, au ililoa mvua, au mchwa waliila. Kwa hiyo diski ikifutwa, si mchezo. Wenyeji wetu wa Ludara na Koboko wanalielewa hili, maana baada ya 1979 wengi wao nao walikimbilia Zaire na Sudan wakaacha mali nyuma.

NINI HUTOKEA UKIFUTA

Chukua mfano wa ghala la chakula lenye daftari mlangoni. Daftari linasema: maharage safu ya tatu, unga safu ya tano. Ukibonyeza kufuta, kompyuta haiingii ghalani kutoa magunia. Inafuta mstari wa daftari tu, na kuandika kwamba nafasi ile iko wazi. Magunia bado yapo! Hata ukifomati kwa njia ya haraka ni vilevile: limeletwa daftari jipya, mzigo wa zamani uko palepale. Shida inaanza mzigo mpya unapowekwa mahali pa ule wa zamani. Hapo ndipo kitu kinapotea kabisa.

Kufomati kwa ukamilifu ni jambo lingine. Windows zote tangu Vista ya 2007 zinajaza sifuri diski nzima. Hapo hakuna cha kutafuta tena.

KISA CHA KIKUNDI CHA AKIBA

Kikundi kimoja cha akina mama kilipeleka laptopu yake kwa fundi kwa sababu ilikuwa nzito. Fundi akaweka Windows upya bila kuuliza. Ikarudi nyepesi, lakini tupu: hesabu za michango za miaka miwili hazipo, picha za vyeti vya watoto hazipo, na picha ya marehemu mume wa mama mmoja, ambayo ndiyo pekee aliyokuwa nayo, haipo. Wiki hiyohiyo maneno yakaanza. Nani aliweka ngapi? Nani bado ana deni?

Bahati nzuri mweka hazina hakuiwasha tena. Aliifunga kwenye kitenge akatuletea. Tulitoa diski, tukaiunganisha kwa kebo ya USB kwenye kompyuta nyingine, tukaacha programu ya PhotoRec itafute. Ilichukua siku mbili, kwa sababu jioni betri ya sola ilikuwa inaisha, lakini programu hiyo inakumbuka ilipofikia.

Picha nyingi zilirudi, ya marehemu ikiwemo. Mama yule aliitazama muda mrefu bila kusema neno. Hesabu zilirudi nusu tu: miezi minne ya mwisho ilikuwa imeharibika. Basi akina mama walileta vitabu vyao vidogo vya akiba, wakasoma mstari kwa mstari mbele ya wote, wakajaza upya. Kikundi kiko hai mpaka leo.

FANYA HIVI

1. Acha kutumia mara moja. Zima. Usipige picha mpya, usipakue kitu. Kila dakika ya kutumia ni mzigo mpya ghalani.

2. Kabla ya kuhangaika, angalia pipa la taka la kompyuta, barua pepe, WhatsApp, na simu ya ndugu uliyemtumia. Labda nakala ipo.

3. Usiweke programu ya kutafuta kwenye diski ileile iliyofutwa, wala usihifadhi humo vilivyopatikana. Tumia diski nyingine.

4. Programu za TestDisk na PhotoRec ni za bure. Zilitungwa na Mfaransa Christophe Grenier. TestDisk inatengeneza daftari la ghala. PhotoRec haijali daftari, inatambua faili kwa alama za mwanzo wake: PDF huanza na herufi %PDF, na picha za JPEG nazo zina alama zao. Ila majina ya faili hayarudi, itabidi ufungue moja moja.

5. Diski ikilia tak-tak, usiendelee, wala usiifungue. Vumbi linaiua. Hiyo ni kazi ya maabara maalumu. Chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilivunjika angani Februari 2003, na diski yake moja iliyoungua ikaokotwa chini. Wataalamu walirudisha asilimia 99 ya yaliyokuwemo. Lakini kazi hiyo ina bei.

Tuseme ukweli pia: diski mpya za SSD mara nyingi zinasafisha nafasi zenyewe muda mfupi baada ya kufuta, na kumbukumbu ya ndani ya simu za kisasa imefungwa kwa siri. Memori kadi na diski za kuzunguka ndizo zina matumaini zaidi. Mtu akikuahidi kurudisha vyote na anataka pesa kwanza, jihadhari.

JAMBO LA KUOGOPA

Kinachotuokoa ndicho kinaweza kutuumiza. Ukiuza laptopu au memori kadi uliyofuta tu, mnunuzi anaweza kutoa barua zako, maelezo ya kesi yako, picha za watoto wako. Kabla ya kuuza diski ya kuzunguka, ifomati kwa ukamilifu. Memori kadi ni bora ubaki nayo. Na fundi akishika diski yako, kaa naye pale.

NAKALA NI DAWA

Mwaka 1998, kampuni ya Pixar ya Marekani ilikaribia kupoteza filamu ya katuni Toy Story 2. Mtu alitoa amri ya kufuta kimakosa, na nakala za akiba zikakutwa mbovu. Aliyeokoa ni mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua na kufanya kazi nyumbani: kompyuta yake ilikuwa na nakala.

Basi weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta au simu, moja kwenye flashi, na ya tatu mbali na nyumba yako, kwa ndugu unayemwamini au kwenye barua pepe yako. Nakala mbili ndani ya nyumba moja, moto ukiwaka, ni sawa na moja. Na mara mojamoja zifungue uone kama zinasoma.

Mwenye flashi aje nayo darasani, tutamwonyesha namna ya kunakili.