Waislamu wa Leh, Ndugu Zetu wa Mlimani

Mtu wa pwani akipandishwa mita 3,500 juu ya bahari, kifua humsuta. Mimi mwenzenu wa Utange, niliposhuka ndege mjini Leh, katika Ladakh kaskazini mwa India, niliambiwa nipumzike siku mbili kwanza, maana hewa ya huko ni nyepesi. Nikatii.

Utamaduni wa huko ni wa Kitibeti. Bendera za dua zapepea madarini, kasri la ghorofa 9 la karne ya 17 laukalia mji, na chai hutiwa chumvi na siagi. Iliki na tangawizi usahau. Lakini chini ya kasri hilo, kichwani mwa soko, upo Msikiti wa Ijumaa, nao ni wa karne hiyo hiyo. Baada ya sala niliwasikia waumini wakitoleana salamu yetu, kisha wakazungumza Kiladakhi, lugha iliyo ndugu ya Kitibeti.

Walitoka wapi? Msomaji wangu, kisa chao ni chetu. Misafara ilifika Leh kutoka Kashmir na Yarkand, ikibeba sufu, hariri na chai, kama majahazi yalivyoletwa na kaskazi hadi Bandari ya Kale. Wafanyabiashara wakaoa wenyeji, na uzao wao ukaitwa Argon: dini ya baba, lugha ya mama. Baada ya 1949 mpaka ulifungwa na misafara ikakoma, lakini watu walibaki.

Mwaka 1989 fitina iliingia. Wabudha waliwagomea Waislamu, wasinunue kwao wala wasile nao, hata jamaa wa damu moja wakatengana. Mgomo ulidumu hadi 1992. Mtu aliyezaliwa hapo na mama wa hapo akawa aulizwa: kwenu wapi?

Swali hilo twalijua. Hapa Utange, miaka ya 1990, palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Somalia. Miongoni mwa waliokimbilia Mombasa wakati huo walikuwa Wabarawa, ambao Chimiini chao ni tawi la Kiswahili. Nao tukawaita wageni!

Ladakh ilipowekwa chini ya serikali kuu mwaka 2019, Wabudha na Waislamu walikuja kusimama pamoja kudai ulinzi wa ardhi na ajira zao. Wanasalimiana kwa neno moja, "juley", ambalo pia ni ahsante na kwaheri.

Basi anayebishana nasi Mswahili ni nani, na apande Leh. Atajibiwa na Muislamu, kwa lugha ya mamaye, na kikombe cha chai ya chumvi mkononi.